Taa za Landrova ya Baba Yako

Mabawa, Tanga
Alhamisi, baada ya Alasiri

Kwako mwanangu Mishi,

Assalaam alaykum. Najua utacheka. Utasema mama naye, tunalala nyumba moja, ukuta tu ndio umetutenga, ananiandikia salamu kama niko Maskati. Cheka, mwanangu. Mimi kuandika nimefundishwa ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, na mwalimu wetu ukimpelekea barua isiyo na salamu alikurudishia mkononi, anakwambia toka nje, piga hodi, ndipo uingie.

Basi hodi. Bibi yako Mwanatumu, mama yangu, hajambo, yuko uani anapepeta mchele wako, na kila akimaliza ungo mmoja anauliza kama huko Kiteto unakokwenda kazini watu wanakula wali. Kaka yako Bakari hajambo, ametoka sasa hivi kupima upepo wa matairi kwa mara ya tatu leo, nadhani mara ya nne atayapasua. Wifi yako Saumu hajambo, mimba inamchosha lakini anakula, alhamdulillahi, naye analalamika kwamba wewe mkunga wake unamwacha na tumbo unakwenda kuzalisha wake za watu. Mwanao Nunu, paka wako, hajambo, amelala ndani ya begi lako, nimemtoa mara mbili amerudi. Baba yako mwili hajambo, ni ule mguu tu. Tangu adhuhuri yuko kibarazani kwa jirani na chakula chake kimepoa. Nami mama yako mwili sijambo. Moyo ndio ulionikalisha hapa na kalamu, wakati wewe umekwenda Chumbageni kuwaaga shangazi zako.

Yale ya kila siku sitayaandika. Ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango, ya kutompakia mtu usiyemjua, nimekwambia mpaka mdomo umekauka, na wewe umeniitikia "ndiyo mama" mpaka ndiyo zako zimeanza kuvutika. Leo nakuandikia habari ya taa. Taa za mbele za Landrova anayokupa baba yako, zile za zamani na hizi mpya ulizofungiwa wiki hii. Kuna jambo nimelificha tangu ulipokuwa unatambaa, na jana lilinitokea mbele ya macho yako nikalikwepa.

Jana magharibi uliona hivi. Uliona baba yako anarudi kutoka msibani Pangani, amechoka, na wewe una hamu, humpi hata nafasi ya kuvua kofia. Ukamshika mkono ukampeleka uani, ukaingia garini, ukawasha. Ukuta wa jirani ukawa mweupe, kuku wakashuka wakidhani kumekucha. Baba yako akazunguka mbele na fimbo yake, akainama, akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto. Akatabasamu. Sijui kama wewe uliona, mimi niliona. Ni miaka mingi sijamwona anatabasamu mbele ya gari lile.

"Hee! Hizi ndizo taa," akasema. "Nani kakufungia? Huyu ana mikono."

Ukamjibu na furaha zako, "Mzee mmoja nimemtoa Muheza, baba. Mzee Sefu."

"Sefu yupi?"

"Anasema zamani alikuwa na gereji Chumbageni."

Hapo ndipo kulipoharibika. Wewe maisha yako yote umesikia habari ya "yule mwizi wa taa" aliyemvunja baba yako mguu, lakini jina lake humu ndani halikutajwa, baba yako aliliapia asilitamke. Sasa likatoka kinywani mwako. Alipiga fimbo chini. "Huyo ndiye! Huyo ndiye mwizi! Umemleta nyumbani kwangu, kwenye gari langu, mimi niko kwenye maziko ya watu?"

"Baba, sikujua. Lakini kazi umeisifu mwenyewe sasa hivi."

"Zing'olewe! Ukitoka hapa na mkono wa mtu yule kwenye gari, radhi yangu usiitafute."

Nawe kichwa ni kile kile cha baba yako. Ukamwambia, "Basi nitatoka bila radhi. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku huko porini siwezi kumwambia asubiri mpaka baba anichagulie fundi."

Akaingia ndani. Ukanigeukia, machozi yanakutoka, ukaniuliza, "Mama, na wewe husemi kitu?"

Nikakwambia, "Mtii baba yako."

Mishi, hilo neno nimelala nalo na kuamka nalo. Lilikuwa neno la mtu mwoga. Sefu hakuiba taa. Hakuiba hata msumari. Taa zile niliziharibu mimi.

Sikiliza ilivyokuwa. Enzi hizo baba yako alikuwa akipanda Amani na kushuka na Landrova hii hii, anapakia iliki na ndizi na abiria, analeta Muheza na mjini. Ukungu wa kule unaujua, unashuka mchana kweupe mpaka boneti yako mwenyewe huioni. Kwa hiyo taa kwake zilikuwa kama macho ya pili. Alipata taa mpya, mviringo, nzuri, akazitunza. Na Sefu ndiye aliyekuwa fundi wake wa umeme wa gari na rafiki yake, wakila sahani moja. Siku hiyo ilikuwa imebaki siku mbili Ramadhani iishe. Sefu akaja hapa hapa nyumbani kuangalia waya zilizokuwa zikigusana. Akazifungua taa zote mbili, akazilaza juu ya mkeka kivulini, balbu akaziweka pembeni kwenye kitambaa. Mara adhana ya Alasiri. Wakaenda msikitini wote wawili.

Mimi nilikuwa uani nasugua vyombo vya Idi. Nina mwaka wa nne tu kwenye ndoa, wewe uko mgongoni kwenye kanga, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kupitisha kidole kwenye kila kitu. Nilikuwa nimeshasugua masinia, birika, deli ya kahawa, vyote kwa majivu ya jikoni na ndimu, vinang'aa mpaka unajiona meno. Nikazitazama zile taa. Kioo kina vumbi, ndani naona kama kuna ukungu wa manjano. Nikasema, ngoja niwashangaze hawa.

Nyuma ya taa kuna tundu, pale inapoingia balbu, halizidi kikombe cha kahawa. Nikachukua mpini wa upawa, nikauzungushia kitambaa, nikachovya kwenye majivu na ndimu, nikaupenyeza ndani nikasugua. Kuzunguka na kuzunguka, kama ninavyosugua sinia. Kitambaa kikatoka cheusi ti. Mwanangu, nilifurahi! Nikasema, uchafu ulioje huu, wanaume bwana, wanatembea na taa chafu namna hii! Nikaongeza majivu. Ya pili nayo hivyo hivyo. Nikasuuza kwa maji safi, nikazikausha, nikazirudisha kwenye mkeka pale pale zilipokuwa, hata upande zilioelekea. Nikaona ndani kumefifia kidogo. Nikadhani ni maji bado hayajakauka.

Sefu aliporudi jua limeinama, anataka awahi futari kwake. Akachomeka balbu kwa nyuma, akazifunga, akaenda zake. Hakuchungulia ndani. Kwani achungulie nini? Mtu ameacha vitu vyake kwa muda wa rakaa nne nyumbani kwa rafiki yake, amevikuta mahali pale pale.

Usiku ule ule baba yako alipowasha, mwanga ukawa kama wa kibatari. Sefu akaitwa, akasema waya. Akabadilisha waya. Akabadilisha balbu. Wapi. Baada ya Idi baba yako akapitisha gari kwa fundi mwingine, akaja naye nyumbani, wakazifungua hapa uani. Yule fundi akachungulia kwa tundu la nyuma akaguna. Akasema, "Bwana, hizi zimechakaa. Ile fedha ya ndani, inayoutupa mwanga mbele, imekwisha yote. Zako zilikuwa mpya kweli?"

"Mpya kabisa."

"Basi umebadilishiwa."

Mimi nimesimama na sinia la kahawa. Hapo ndipo nilipojua kile kitambaa kilitoka cheusi kwa sababu gani. Ule haukuwa uchafu. Ile ndiyo ilikuwa taa yenyewe.

Mishi mwanangu, siku ile lilikuwa neno moja. Ningesema, "Jamani, nimezisugua mimi kwa majivu," baba yako angenifokea kidogo, kisha angecheka, angekwenda kuwahadithia wenzake barazani na wangenitania mpaka leo wananiita Bi Majivu. Basi. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa pale. Nikasema nitamwambia tukiwa wawili. Tulipokuwa wawili amekasirika, nikasema nitamwambia akipoa. Hakupoa. Ijumaa, watu wanatoka msikitini Chumbageni, akamsimamisha Sefu mlangoni, viatu bado mkononi, akamwambia mbele ya kila mtu, "Taa zangu umeziuza wapi?" Nilihadithiwa kwamba Sefu alicheka kwanza, alidhani ni utani. Baada ya Ijumaa ile lile neno halikuwa dogo tena. Kila siku niliyochelewa likanenepa, mpaka likawa halipiti kooni.

Kuna na baya zaidi, nalo nitaliandika kwa sababu nimesema nitaandika. Baba yako alisema atasomesha halbadiri. Unajua mwenyewe watu wa pwani na halbadiri, wakishakusanyika masheikh wakasoma, aliyefanya popote alipo inamfikia. Nilimwangukia miguuni, nikalia, nikamwambia mume wangu, nakuomba, mwachie Mungu, ana watoto yule. Akakubali kwa ajili yangu. Habari ikatoka nje. Wanawake wakaja kunishika mkono, "Bi Mwanakombo una moyo wewe, mtu amewaibia na bado unamwombea." Nikainamisha kichwa, nikaipokea sifa ile. Wala sikuwa nikimwokoa Sefu. Nilikuwa nahofia isije ikanifikia mimi na wewe bado unanyonya.

Baba yako akawa anakwenda Amani na taa zile zile, anajitahidi kushuka kabla jua halijatua huku akitafuta nyingine. Siku moja iliki zikachelewa kufungwa. Ukungu na magharibi vikamkuta njiani pamoja. Kona hakuiona. Gari likaingia mtaroni, mguu ukabanwa. Hakuwa na abiria siku hiyo, na hilo namshukuru Mola kila swala. Alipiga honi mpaka watu wa mashamba ya chai wakamsikia. Taa ya kushoto ilivunjika, ya kulia ikapona, ikabaki garini mpaka wiki hii. Na mjini watu wakasema sasa Sefu hakutosheka na wizi, amemfanyia na uchawi. Wateja wakamwacha. Gereji ikafungwa. Nikasikia amehamia Muheza na mkewe, nami nikashusha pumzi. Unaona mama yako alivyokuwa? Nilishusha pumzi.

Sasa wiki hii. Wewe unakwenda Muheza kuuliza nani anajua umeme wa magari ya zamani, wote wanakuelekeza kwa mzee mmoja, unarudi naye mpaka uani kwangu. Nilikuwa nakuna nazi. Nilipoinua uso nikamwona, ndevu nyeupe, mabega yameshuka, lakini ni yeye. Nikasema leo nimekwisha. Akanisalimu, "Hujambo, Bi Mwanakombo," kama tuliachana jana. Akakaa chini akafungua vyombo vyake.

Kazi aliyoifanya uliiona zaidi yangu. Zile waya nene mpya, kile kidude cheusi, mnakiita rilei, kinachovuta umeme moja kwa moja kwenye betri ili swichi ya zamani isiungue, na zile taa mpya alizotaka kwanza uzishike mkononi wewe mwenyewe, akakwambia ndani usiguse hata kwa kidole. Aliposema hivyo nilijikata kidole kwa mbuzi ya nazi. Ukanifunga kitambaa, ukasema mama kuwa mwangalifu.

Kisha uliondoka kwenda dukani kununua chaki aliyokuagiza. Ulipogeuka tu akaniita. "Bi Mwanakombo, njoo utazame." Alikuwa ameshika ile taa ya kulia ya zamani. Akaielekeza juani, akanionyesha kwenye tundu la nyuma. Ndani kuna mistari, mviringo juu ya mviringo, kama chini ya sufuria.

"Hii si kutu," akasema. "Wala joto haliandiki hivi. Hii imesuguliwa na mtu anayependa usafi."

Nazi imenishuka mkononi.

"Ulikuwa unasugua vyombo siku ile," akasema tena. "Nakumbuka harufu ya ndimu. Unajua, kuna miaka nilianza kujitilia shaka. Nikasema, Sefu, labda kweli ulichanganya taa za watu. Labda mikono yako haifai kuaminiwa. Mke wangu amekufa akiwa ananiuliza. Sasa nimejua sikukosea. Kwangu imetosha."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, nitasema."

Akasema, "Hilo la kwako." Akaifunga ile taa kwenye gazeti, akanipa. Nimeificha chini ya kitanda. Nawe ukarudi na chaki zako unacheka, mkaanza kulipanga gari mbele ya ukuta, achore kwa chaki pale mwanga unapotakiwa kupiga. Akatupandisha nyuma mimi na bibi yako pamoja na magunia, maana gari likibeba mzigo nyuma, pua inanyanyuka na taa zinawapiga machoni wanaokuja. Bibi yako akasema, "Ee, leo mimi nimekuwa gunia?" Sefu akamjibu, "Shikamoo bibi, gunia la mchele mzuri." Tukacheka wote. Nilicheka na mimi, Mishi. Mtu niliyemvunjia nyumba yake ananichekesha ndani ya gari langu. Halafu baba yako amerudi, ameyasema aliyoyasema, umeniuliza husemi kitu, na mimi, siku mbili tu baada ya kumwahidi mtu, nimekwambia mtii baba yako.

Sasa unakwenda kufanya kazi ya kushika roho za watu. Utakosea, mwanangu. Hakuna asiyekosea. Utatoa dawa ya mgonjwa huyu kwa yule, au utachelewa kumpima mtu presha. Siku hiyo naomba unikumbuke nimesimama na sinia la kahawa. Sema hapo hapo, kahawa haijapoa, hata kama daktari mkubwa amekaa, hata kama utalia. Mimi nilingoja nipate maneno mazuri ya kusemea. Hayakuja. Yamekuja maneno haya mabaya mabaya ninayoyaandika leo.

Na taa zako, usisikilize watu watakaokwambia unyanyue kidogo uone mbali. Pale alipopima Sefu paache. Akija mwenzako mbele, shusha, hata kama yeye hakushusha.

Nasikia fimbo ya baba yako mlangoni. Ameingia kwa ajili ya Magharibi. Akimaliza kuswali ndipo huwa namkanda mguu. Mishi, naiweka kalamu. Niombee.

*

Nimerudi. Mikono bado ina mafuta, utaona karatasi imeingia madoa.

Nilimkanda kama kila siku, mafuta ya nazi na karafuu. Nilipofika kwenye goti, pale mfupa ulipounga vibaya, nikasema, "Baba Bakari, mguu huu nimeuvunja mimi."

Akacheka. "Ulikuwepo Amani wewe?"

Nikavuta ile taa chini ya kitanda, nikafungua gazeti, nikampa. Akachungulia. Akachukua simu yake akamulika ndani. Nikamweleza yote, mkeka, adhana, upawa, kitambaa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza neno moja.

"Majivu?"

"Majivu na ndimu."

"Na ndimu!" akasema, na sauti ikapanda kama anataka kucheka, kisha ikamkatikia. Alikaa muda anaigeuza geuza ile taa. Mimi nilikuwa bado nimeshika mguu wake, sikujua niuachie au nisiuachie.

Mwisho akasema, "Mguu nimekusamehe. Mguu ni wangu, naweza kuusamehe. Lakini ile Ijumaa ni ya mtu mwingine, Mwanakombo. Ile siwezi kukusamehea, na mimi mwenyewe nani atanisamehe?" Akafuta uso kwa kiganja. "Na jana nimerudia tena, mbele ya mwanangu."

Nikamwambia nitakwenda Muheza. Akasema, "Tutakwenda. Mimi nitasema yangu, wewe utasema ya kwako, sikusemei." Kisha akaniambia nimpigie pasi kanzu nyeupe, maana kesho tena ni Ijumaa, na Sefu akikubali anataka kurudi naye Chumbageni kwenye mlango ule ule, awaambie wale waliobaki. Asipokubali, asipotaka hata kutufungulia, atakuwa na haki yake na sisi tutarudi na aibu yetu kwenye basi. Nilijaribu kusema labda tungoje wiki ijayo, kwanza tukuage vizuri. Alinitazama tu. Nikaenda kutafuta pasi.

Kwa hiyo alfajiri usishangae ukitukuta wote wawili tumeshakaa garini. Utatushusha Muheza. Baba yako anataka kukupa radhi yake mwenyewe, kwa mdomo wake, na kukwambia taa zibaki. Amekuwa akiyapanga maneno tangu nimemwacha, namsikia chumbani. Mwache ayaseme yote. Usimwambie umeshasoma.

Na mimi usinijibu garini. Nikikaa karibu yako nitalia, nawe utanionea huruma kwa sababu nimelia, na huruma ya hivyo nimeshaila vya kutosha maisha yangu. Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kazi, utaikuta ukivaa. Safiri nayo. Fika, pumzika, waone wagonjwa wako. Kisha ukae uniandikie, kwa karatasi, si kwa simu, herufi zako ziwe kubwa nisome mwenyewe bila kumwita Bakari. Uniambie huyu mama uliyemjua jana na huyu wa leo unamchukua yupi. Kama umenikasirikia andika hivyo hivyo, nitasoma. Lakini usikae na jibu, Mishi. Andika upesi, wiki hiyo hiyo utakayofika.

Mimi mama yako,
Mwanakombo